Herufi zimevurugika kwenye kioo: kupiga Windows upya au kutafuta kilichoharibika?

Chukua kompyuta ya mezani ya mwaka 2011, prosesa ya Core i3 ya kizazi cha pili, Windows 7, monita ya inchi 18.5. Siku moja inawashwa na maandishi yote yamelala kama italiki. Au yamekuwa mazito kuliko kawaida, au pana visanduku vitupu mahali pa herufi. Ikifika kwa fundi, jibu hutoka kabla waya wa umeme haujachomekwa: tupige Windows upya, yaani tufute kila kitu na kuiweka tena.

Jibu hilo lina sababu zake, na si uvivu tu. Fundi anauza muda wake. Kupiga Windows ni kazi yenye mwanzo na mwisho na bei yake inajulikana. Kutafuta faili moja iliyoharibika kunaweza kuchukua dakika kumi au kula nusu siku, na hakuna mteja anayelipia nusu siku. Mashine iliyojaa virusi haina maana kuihangaikia fonti, yaani mafaili ya maumbo ya herufi. Tena Windows 7 yenyewe imeshaachwa: Microsoft waliacha kuihudumia tarehe 14 Januari 2020, na Chrome 109 ya mwanzoni mwa 2023 ndiyo ya mwisho kukubali kukaa humo. Anayetaka kuhamia mfumo mpya afute kila kitu, ni haki yake. Ila huyo anahama nyumba, hazibi paa linalovuja.

Mwenye paa linalovuja ndiye anayeonewa, kwa sababu matatizo mengi ya herufi yana chanzo kidogo na dalili zake husema wazi. Maandishi yaliyolala ni mfano mzuri. Arial si faili moja, ni manne: arial.ttf ya kawaida, arialbd.ttf nzito, ariali.ttf ya kulala, na arialbi.ttf nzito ya kulala. Ile ya kawaida ikifutika au ikiharibika, Windows haikwambii kitu. Inachukua ndugu yake aliyebaki na kuandikia huyo. Segoe UI, fonti ya menyu, iko vivyo hivyo: segoeui.ttf ikitoweka, segoeuii.ttf inashika zamu. Kwa hiyo menyu zikilala, mshtakiwa wa kwanza ni Segoe UI. Menyu zikiwa sawa lakini kurasa za intaneti zimelala, mara nyingi ni Arial.

Kuhakikisha si kazi. Usitumie folda ya Fonts kwa kuitazama kwa macho, maana hukusanya familia nzima chini ya alama moja na kukuficha aliyepotea. Fungua cmd, dirisha la kuandikia amri, kama msimamizi, andika dir C:\Windows\Fonts\arial*.ttf na uone kama majina yale manne yapo, kisha rudia kwa segoeui*.ttf uone kama segoeui.ttf ipo. Ikipungua moja, anza na sfc /scannow, ambayo hulinganisha mafaili ya mfumo na nakala zake za akiba na kurudisha yaliyoharibika. Ikishindwa, chukua faili hilo hilo kwenye mashine nyingine yenye Windows ya toleo lile lile, libebe kwa flashi, libofye kitufe cha kulia na uchague "Install". Njia hii ni bora kuliko kulibandika kwa nguvu, kwa sababu inaandika pia jina la fonti kwenye rejista ya Windows (daftari la mipangilio yake), na faili bila jina hilo ni sawa na halipo. Kitufe cha "Restore default font settings" wengi hukikimbilia, lakini kazi yake ni kurudisha fonti zilizofichwa. Zilizofutwa hakizirudishi.

Mafaili yote yakiwepo na herufi bado ni vurugu, angalia akiba ya fonti, yaani orodha ambayo Windows hujiandikia ili isisome kila faili upya. Umeme ukikatika katikati ya kuiandika, inaweza kubaki imeharibika. Andika net stop FontCache. Nenda C:\Windows\ServiceProfiles\LocalService\AppData\Local, ufute mafaili yanayoanza na ~FontCache (kwenye Windows 10 yamo ndani ya folda iitwayo FontCache), halafu ufute FNTCACHE.DAT iliyo ndani ya System32. Zima, washa. Windows itaandika orodha mpya yenyewe, na siku hiyo ikichelewa kidogo kuwaka si ajabu.

Sasa tazama kinachotokea fundi anapopiga Windows upya, maana hapa ndipo hesabu ya wengi hukosea. Windows 7 ilitoka Oktoba 2009. Chipu ya picha iliyo ndani ya Core i3 ya 2011 ilizaliwa baada yake, kwa hiyo Windows hiyo ikishakaa haina draiva yake, yaani programu ya kuiendesha. Inajishikiza kwenye draiva ya dharura, ile inayoonekana kwenye Device Manager (orodha ya vifaa vya kompyuta) kama "Standard VGA Graphics Adapter". Draiva hiyo kwa kawaida haijui vipimo vya monita pana. Inatoa picha ya nukta (pikseli) 1024 kwa 768, na monita ina nukta 1366 kwa 768.

Tazama namba hizo vizuri. Kimo ni kile kile, 768. Upana ndio umevutwa kwa theluthi moja: kila nukta tatu zinatandazwa juu ya nukta nne. Nukta haigawanyiki, hivyo monita inabahatisha kwa kuchanganya rangi za majirani. Herufi m ina nguzo tatu, na kila nguzo kwa saizi ya kawaida ni nukta moja ya upana. Baada ya kuvutwa, nguzo moja inaweza kutoka nyeusi, ya pili ikatoka ya kijivu na pana, ya tatu ikasogea upande. Mistari ya kulala, kama ule wa katikati ya herufi e, inabaki mikali kwa sababu kimo hakikuguswa. ClearType ikiwa imewashwa hali huwa mbaya zaidi: yenyewe hulainisha herufi kwa kutumia vipande vitatu vya kila nukta, chekundu, kijani na buluu, kwa kutegemea kwamba nukta ya picha imekaa juu ya nukta ya kioo. Zikipishana, herufi huota pindo za rangi. Mteja aliyekuja na italiki anaondoka na ukungu, kisha anaambiwa monita imechoka.

Na si draiva peke yake. Matoleo ya Windows "nyepesi" yanayozunguka mitaani hupunguzwa uzito kwa kutupa vitu, zikiwemo fonti za lugha nyingine, na visanduku vitupu vinaanza siku hiyo hiyo. Halafu kuna imani kwamba vitu muhimu viko D, sehemu ya diski iliyotengwa na C yenye Windows. Nyimbo ndiyo, ziko D. Barua, picha za harusi na kila kilichoachwa "Desktop" au "Documents" viko C, na C ndiyo inayofutwa. Bando la kushusha masasisho upya analipa mteja.

Kuna ugonjwa mwingine ambao hauponi kwa kupiga Windows hata mara kumi, na Kiswahili kinaufahamu kwa sababu ya ng'ombe. Ukifungua orodha kwenye Excel ukakuta ngâ€™ombe, fonti haina kosa. Alama ile ya juu iliyopinda (’) imehifadhiwa kwa UTF-8, namna mojawapo ya kuhifadhi herufi kwa namba, na humo huchukua baiti tatu. Programu imezisoma kwa Windows-1252, namna nyingine ya zamani, na kuona herufi tatu. Usilifungue faili kwa kulibofya. Liingize kupitia "Data", "From Text", na kwenye asili ya faili uchague 65001, ndiyo namba ya UTF-8.

Kufuta kila kitu kunakuwa na maana pale sfc inaposema imeshindwa, ukarudisha mafaili kwa mkono, na baada ya wiki yakaharibika tena. Hapo shuku diski kuu: badilisha diski kwanza, maana Windows mpya juu ya diski mbovu itafuata njia ile ile. Na kabla ya kufuta, fungua Device Manager, ingia kwenye sifa za kadi ya picha, "Details", kisha "Hardware Ids", na unakili namba zinazofuata VEN na DEV. VEN_8086 ni Intel, VEN_10DE ni Nvidia, VEN_1002 ni AMD. Draiva inayolingana na namba hizo, pamoja na ya mtandao, iwe tayari kwenye flashi, kwa sababu Windows mpya isiyo na draiva ya mtandao haiwezi kujishushia chochote.