Shahada ya uzamili ya uhasibu na swali ambalo mtihani wa bodi hauliulizi

Mhasibu kijana wa Tanzania akimweleza mkubwa wake kazini kwamba anafikiria kusoma shahada ya uzamili, jibu huwa karibu lile lile: "Masta ya nini? Maliza bodi kwanza." Kauli hiyo ina hekima yake. Wengi wanaoitoa ni watu waliohangaika miaka mingi na mitihani ya NBAA, yaani Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu, wakafaulu, na wakaona milango ikifunguka. Ninachokitilia shaka ni ile sehemu ya kauli isiyotamkwa, kwamba mtu akishamaliza bodi, masta haina tena cha kumwongezea isipokuwa herufi za kuandika baada ya jina lake.

Lililo wazi lisemwe mapema. Bodi iliundwa kwa Sheria Na. 33 ya mwaka 1972, na sheria ndiyo iliyoipa mamlaka ya kusajili wahasibu na wakaguzi. Mtu anaweza kuwa na shahada mbili za uzamili, moja ya Mzumbe na nyingine ya Chuo cha Usimamizi wa Fedha, na bado asiruhusiwe kusaini ripoti ya ukaguzi wa kampuni ndogo kabisa mjini. Mwenye shahada ya kwanza ya uhasibu huanzia hatua ya kati ya mitihani ya Bodi, akaingia ya mwisho, na mitihani huja mara mbili kwa mwaka, Mei na Novemba, kwa ada ambayo ni sehemu ndogo tu ya gharama za masta. Akishafaulu na kutimiza miaka mitatu ya uzoefu wa kazi, husajiliwa kuwa CPA, yaani mhasibu wa umma aliyethibitishwa. Kwa mtu anayeanza kazi, sioni hoja yoyote ya kuiweka masta mbele ya njia hiyo, na anayemaliza shahada ya kwanza mwezi Julai na kujiandikisha masta mwezi Oktoba kwa sababu hajapata ajira, mara nyingi ananunua miaka miwili ya kungoja kwa bei kubwa sana.

Ipo pia hesabu ya mfukoni, ambayo vyuo haviitaji vinapotangaza nafasi. Wahasibu wengi tunaowazungumzia walisomeshwa kwa fedha za Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, na tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2016 mwajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi kulipa deni hilo, kutoka asilimia 8 ya awali. Tumchukue mtumishi wa umma mwenye mshahara wa shilingi 1,200,000. Mfuko wa pensheni unachukua 60,000, bima ya afya 36,000, kodi ya mapato 170,000 na mkopo 180,000. Zinabaki 754,000, na humo ndimo inamotoka kodi ya nyumba, nauli, ada ya mtoto na fedha ya kutuma kijijini. Kumwambia mtu huyo atoe mamilioni ya ada, tena kwa shahada ambayo peke yake haimpandishi daraja kazini kwa sababu kupanda kunategemea ikama, yaani idadi ya nafasi zilizoidhinishwa, na bajeti, ni kumwomba jambo zito. Anayesema masta ni anasa anaitazama hati yake ya mshahara, na simlaumu hata kidogo.

Pamoja na hayo, naamini masta ya uhasibu imeeleweka vibaya, kwa kuwa tunaipima kwa kazi ambayo bodi inaifanya vizuri zaidi, kisha tunashangaa kwamba imeshindwa. Kazi yake inaonekana mahali pengine, na mfano bora niujuao uko kwenye mabenki.

IFRS 9, kiwango cha kimataifa cha kuandaa taarifa za fedha kinachohusu mikopo na mali nyingine za kifedha, kilianza kutumika Januari 2018 mahali pa kile cha zamani, IAS 39. Chini ya kiwango cha zamani, benki ilitenga fedha kwa ajili ya mkopo pale tu ulipopatikana ushahidi kwamba mkopaji ameanza kuyumba. Chini ya kipya, inatakiwa kukadiria hasara inayotarajiwa tangu inapoutoa mkopo, wakati mkopaji bado ana afya njema na anapokea salamu za meneja. Katika umbo lake jepesi kabisa, hesabu ni kuzidisha vitu vitatu: uwezekano kwamba mkopaji atashindwa kulipa, sehemu ya deni itakayopotea akishindwa, na kiasi kitakachokuwa kinadaiwa wakati huo. Kundi la mikopo ya shilingi bilioni 2, lenye uwezekano wa asilimia 3 wa kushindwa na upotevu wa asilimia 40, linadai tengo, yaani fedha ya kuwekwa kando kwa ajili ya hasara hiyo, la shilingi milioni 24. Mtahiniwa wa bodi aliyejiandaa hulimaliza swali hilo kabla wino wa jina lake haujakauka.

Lakini ndani ya chumba cha mtihani ile asilimia 3 imeandikwa kwenye swali. Mtahini ameiweka pale, na kazi ya mtahiniwa ni kuizidisha. Ofisini hakuna aliyeiandika. Ni lazima mtu aitoe kwenye kumbukumbu za marejesho ya miaka iliyopita, aamue ni miaka mingapi inatosha, awatenge wakopaji kwa makundi yenye maana, kisha airekebishe kwa kutazama mfumuko wa bei, ukuaji wa uchumi au bei za mazao, kwa sababu kiwango chenyewe kinataka taarifa za mbele na si za nyuma peke yake. Ikitoka 6 badala ya 3, tengo linakuwa milioni 48. Ile milioni 24 ya nyongeza haina vocha wala risiti, na hakuna senti iliyotoka benki. Imekula faida ya mwaka kwa sababu mtu fulani ametamka neno kuhusu kesho, na wakurugenzi, wanahisa na mamlaka ya kodi wote watataka kujua alilitoa wapi.

Mwaka ule ule wa kwanza wa kiwango hicho, mikoa ya kusini ilitoa somo ambalo nalirudia kila ninapozungumza na wahasibu. Wakulima wa korosho waligomea bei za minada, na Novemba 2018 Serikali ikaamua kununua korosho zao kwa shilingi 3,300 kwa kilo, wanunuzi binafsi wakiwekwa kando. Mfikirie mhasibu wa benki iliyokopesha vyama vya msingi vya ushirika au wafanyabiashara wa Mtwara na Lindi. Rekodi zake za miaka iliyotangulia zilizaliwa katika soko la minada, na soko hilo halikuwepo tena msimu ule. Hakuna masta duniani ambayo ingemfundisha kuutabiri uamuzi ule. Ingemfundisha kutambua kwamba sampuli yake na hali iliyo mbele yake havifanani tena, kuandika hivyo kwa lugha inayoeleweka, na kuonyesha tengo lingekuwa kiasi gani chini ya dhana mbili au tatu tofauti. Hayo ndiyo mambo yanayokaa ndani ya yale masomo ya takwimu na mbinu za utafiti ambayo wanafunzi wa jioni huyalalamikia kwamba hayahusiani na uhasibu.

Kinachofanyika bila elimu hiyo wengi wetu tumekiona. Mtaalamu mwelekezi analeta modeli ya kukadiria hasara hiyo kwenye faili la Excel, mhasibu analinganisha jumla ya faili na jumla ya leja, zinakubaliana, na namba inaingia vitabuni. Kazi imefanywa kwa uaminifu mtupu. Hata hivyo hakuna aliyeiuliza modeli swali hata moja, na mkaguzi wa nje akija kuuliza, mhasibu anampigia simu mtaalamu. Mhasibu ambaye hawezi kuitetea mojawapo ya namba nzito kwenye hesabu za mwajiri wake amefika ukingo wa cheo chake, hata kama hajaambiwa.

Mabenki ni mfano tu. IFRS 16, iliyoanza kutumika mwaka 2019, inamtaka mhasibu achague riba ya kugeuza malipo ya pango ya miaka ijayo kuwa thamani ya leo, na IFRS 17, iliyoanza kutumika mwaka 2023, imeziingiza kampuni za bima kwenye makadirio marefu zaidi ya hayo. Viwango vya taarifa za uendelevu, S1 na S2, vilivyotolewa Juni 2023, vinauliza ukame au mafuriko vitaifanyia nini biashara. Taaluma inahama kutoka kuandika yaliyotokea kwenda kukadiria yatakayotokea, na ukadiriaji ni kazi ya utafiti, tukubali tusikubali.

Ndiyo maana naipa tasnifu uzito kuliko masomo mengine yote ya masta. Mwanafunzi anayekusanya taarifa za mwaka za kampuni zilizoorodheshwa katika Soko la Hisa la Dar es Salaam, akakuta nyingine hazipatikani na nyingine zimebadilisha mpangilio katikati, akaamua la kufanya, kisha akasimama mbele ya watahini kueleza kwa nini aliamua hivyo, amefanya kazi ile ile ya mkuu wa fedha anayejibu hoja za ukaguzi. Mtihani wa bodi wa saa tatu, kwa ubora wake wote, hauna nafasi ya kupima hilo.

Hapa pingamizi zito kuliko yote linanikabili, na sina haki ya kulipita kimya: tasnifu zinanunuliwa. Wapo wanaoziandika kwa malipo, wapo wanaojaza madodoso wenyewe chini ya mwembe, na zipo programu ambazo kwa hakika ni masomo ya hatua ya mwisho ya bodi yaliyofundishwa upya kwa ada kubwa. Aliyepita njia hiyo amelipa fedha na kurudi na kile kile ambacho wakosoaji walisema angerudi nacho. Kwa mtu huyo wao wako sahihi kabisa. Mitihani ya bodi, kwa sababu inasahihishwa na mtu asiyekujua, ina heshima ambayo baadhi ya vyuo vyetu vimeipoteza kwa mikono yao, na waajiri wanajua.

Wakosoaji pia hutaja Marekani siku hizi. Huko, kwa miongo mingi, mwombaji wa leseni ya CPA alitakiwa kuwa na saa 150 za masomo ya chuo, kwa maana ya vizio vya kupimia mzigo wa masomo, ilhali shahada ya kwanza huwa na 120, na wengi walilijaza pengo hilo kwa masta. Januari 2025 jimbo la Ohio lilipitisha sheria inayofungua njia nyingine, ya shahada ya kwanza na miaka miwili ya kazi pamoja na mtihani, na majimbo mengine yamefuata. Kwangu habari hiyo inahusu wakati wa kusoma. Kilicholegezwa ni kumlazimisha kijana asiyejua bado kazi inafananaje anunue mwaka wa ziada mlangoni, na mahali pa mwaka huo pamewekwa uzoefu. Kwetu pia matangazo ya nafasi za ukurugenzi wa fedha katika mashirika ya umma mara nyingi hudai vyote viwili, CPA na shahada ya uzamili, pamoja na miaka mingi ya kazi, na mpangilio huo unafuata jinsi mhasibu anavyokua.

Kwa hiyo ningemshauri mwenye CPA na miaka mitano au sita ya kazi, ambaye kila siku anapokea namba asizoweza kuzihoji, aanze kuweka akiba ya ada, hata kama itamchukua miaka mitatu kuikusanya juu ya makato yale. Kabla ya kulipa, aombe chuo kimpe mtaala na kumwonyesha tasnifu tatu za wahitimu wa karibuni, azisome usiku mmoja, na aangalie kama zina data ambayo mtu aliihangaikia. Aulize pia kama mwanafunzi husimama mbele ya watahini au hukabidhi nakala iliyojalidiwa na kuondoka. Chuo kisichoweza kumjibu maswali hayo mawili, fedha yake isiende huko.