Kaseti ya baba mkubwa na kufuli la dekoda

Kabatini kwa baba mkubwa, hapa Kamalondo, mtaa wa Lubumbashi, Kongo, kuna kaseti ya VHS iliyoandikwa kwa biki: "Mazembe–Internacional, 14/12/2010". Mtu wa Lubumbashi haulizi ni nini. Ni ile jioni ya Abu Dhabi: Kabangu akafunga, Kaluyituka akaongeza, Wabrazili wakalala 2-0, kipa wetu Kidiaba akarukaruka kwa makalio, na TP Mazembe ikawa klabu ya kwanza ya Afrika kufika fainali ya Kombe la Dunia la Klabu. Fainali yenyewe, siku nne baadaye, Inter ya Milano, Italia, walitupiga 3-0. Hiyo baba mkubwa hana. Anasema kaseti ziliisha dukani, nasi tumemwachia.

Siku hizi ana dekoda yenye tundu la diski. Analinda duka usiku, kwa hiyo mwanawe humrekodia mechi ili aitazame asubuhi. Siku moja umeme ulikatika kabla hajaamka, tukaibeba diski hadi Kampemba kwa binamu mwenye kompyuta. Kompyuta haikuona mechi yoyote. Ilichouliza ni kama tunataka kuifomati. Kumbe dekoda huifunga rekodi kwa msimbo wake, na dekoda nyingine, hata ya aina ileile, haiwezi kuifungua. Abonema yake, yaani malipo ya chaneli, ilipokwisha mwezi uliofuata, hata dekoda yenyewe ikakataa kuionyesha. Mzee akasema: "Nilirekodi miye mwenyewe, mu nyumba yangu. Sasa banaifunga juu ya nini?"

Swali lake ni la zamani kuliko dekoda. Sony ilipoanza kuuza mashine za Betamax mwaka 1975, studio za Universal na Disney ziliiburuta mahakamani zikidai kwamba kumuuzia mtu mashine ya kurekodi ni kumsaidia kuiba. Kesi ilifika Mahakama ya Juu ya Marekani, ikaamuliwa Januari 1984 kwa kura 5 dhidi ya 4: mtu kurekodi kipindi nyumbani ili akitazame baadaye si kosa. Kura moja tu! Na studio zilizolia kwamba video itaziua zikaja kuchuma mabilioni kwa kuuza filamu hizohizo kwenye kaseti.

Kwa kuwa sheria haikuwapa ushindi, waligeukia ufundi. Kuanzia 1985 kaseti za filamu zilianza kutiwa Macrovision, ujanja ambao bado naustahi. Mawimbi ya ziada yalipachikwa kwenye mistari ya picha ambayo skrini haiionyeshi. Televisheni haikuyajali, lakini mashine ya kurekodi, inayojipimia yenyewe nguvu ya mawimbi, ilichanganyikiwa: nakala ikatoka inang'aa, inafifia, inang'aa tena, kama taa ya jenereta inayoishiwa mafuta.

Wenye kufuli wana hoja, na iliyo nzito kuliko zote husemwa mara chache. Zamani kaseti ilikuwa na kufuli lake la asili. Nakala ya nakala ilikuwa mbaya, nakala ya tatu ilikuwa mvua tupu. Faili la leo halichakai. Anayerekodi filamu kwenye diski anaweza kuitoa mara elfu, na ya elfu ikawa sawa na ya kwanza. Nenda soko la Kenya, hapahapa Lubumbashi, uone: kijana na kompyuta yake mezani, unampa flashi na franki chache, anakujazia filamu za usiku mzima. Miongoni mwake zimo michezo ya wachekeshaji wa hapahapa mjini, watu tunaowasalimia barabarani, waliokopa pesa ya kukodi kamera. Hao hawapati hata franki moja. Ukimwambia mchekeshaji wa namna hiyo kwamba kurekodi ni haki ya kila mtu, atakutazama vibaya, na sitamlaumu.

Ila huyo kijana wa sokoni hajawahi kuzuiwa na kufuli lolote. Kufuli la DVD lilivunjwa mwaka 1999, na Jon Lech Johansen, kijana wa Norway aliyekuwa na miaka 15, akashiriki kutoa programu ya kulifungua. Mahakama za kwao zikamwachilia. Kufuli likishavunjwa na mmoja, faili safi huzunguka dunia, na anayebaki mlangoni ni yule asiyejua kuvunja. Yaani baba mkubwa, anayelipa abonema yake.

Ujerumani mwaka 1965, kisha Ufaransa mwaka 1985, zilijaribu njia nyingine: raia aachwe arekodi nyumbani, ila kwenye bei ya mashine au kaseti kuwe na tozo ndogo ya kugawiwa wasanii. Naipenda, lakini najaribu kuiona hapa kwetu na inanishinda. Flashi zinaingia kwa mpaka wa Kasumbalesa ndani ya mifuko pamoja na betri na vitana. Nani atazihesabu? Na zikihesabiwa, pesa itaanzia Kinshasa. Hadi imfikie msanii wa Katuba, itakuwa imepita mikono mingapi? Sheria yetu ya haki za mwandishi ni ya Aprili 1986, enzi za kaseti. Haiwezi kutatua jambo ambalo waandishi wake hawakuliona.

Kwangu mimi, kosa ni kutia kufuli moja kwa kila kitu. Filamu mpya, sawa, ifungwe miezi kadhaa, kwa sababu bado inauzwa. Mechi iliyokwisha je? Habari za jioni? Utaambiwa kituo ndicho kitunzaji. Mechi ya kwanza ya Super Bowl, fainali ya futiboli ya Kimarekani, mwaka 1967, ilionyeshwa na vituo viwili vikubwa vya Marekani, CBS na NBC, na vyote viwili vikaacha kanda zake zipotee. Kanda iliyokuja kupatikana ilirekodiwa na mtu wa kawaida, ikakaa miaka darini. Na hata hapo ligi ikasema: kanda ni yako, mchezo ni wetu, huwezi kuiuza. Kama matajiri wale walipoteza chao, vituo vyetu vidogo, vyenye jenereta moja na kompyuta mbili, vitatunza nini?

Mwezi uliopita tuliihamishia kaseti ya 2010 kwenye kompyuta. Haina kufuli, ina ukungu tu. Mechi ilipokwisha, mkanda uliendelea: wakati ule baba mkubwa alikuwa barabarani na wenzake wakipiga makelele, na mtu fulani nyumbani alibadilisha kituo. Zikafuata dakika kama kumi za matangazo ya vifo ya kituo cha mjini, kwa Kiswahili chetu, jina baada ya jina, mtaa baada ya mtaa. Mama mkubwa, ambaye mpira haumhusu, alikuwa anapita na sinia. Akaliweka chini. "Rudisha," akasema. "Rudisha nyuma kidogo."