Picha Yenye Chenga Inasameheka, Iliyotikisika Haisameheki

Anayeanza kutumia kamera huonywa mapema sana: usipandishe ISO (namba inayoamua kamera iing'arishe picha kiasi gani), utaijaza picha chenga, vile vidoa kama mchanga, na kuiharibu. Onyo hili limezagaa kila mahali, na kwa maoni yangu limeharibu picha nyingi kuliko lenzi mbovu na kamera za kizamani. Mtu anaingia ukumbini, mwanga ni hafifu, ISO ameikazia kwenye 400 kwa sababu kaambiwa hapo ndipo pasafi. Tundu la lenzi yake liko f/5.6 na halifunguki zaidi ya hapo (namba ya f ikiwa ndogo, tundu ni kubwa). Kamera, kwa kukosa njia nyingine, inashusha kasi ya shata, lile pazia linaloruhusu mwanga kuingia, mpaka 1/15 ya sekunde. Bibi harusi anageuka kucheka na picha inapigwa. Chenga hazimo kabisa, lakini uso umeyeyuka, na kicheko kile hakirudi tena.

Mimi hupiga picha kwa mapenzi tu, si kazi inayonilisha, na kwa miaka mingi sasa ndugu na marafiki wamekuwa wakinitumia picha zao wakiuliza wanunue kamera gani ili zitoke kali. Kabla ya kutaja kamera yoyote huwa nawaambia waifungue picha na kuivuta mpaka waone macho. Ukitazama kwa makini, picha yenyewe itakueleza kilichotokea. Kama kila kitu, pamoja na ukuta wa nyuma na fremu ya dirisha, kimefifia kwa kuburutika kuelekea upande mmoja, mikono yako ndiyo iliyotikisika. Kama ukuta umetulia na maandishi ya bango yanasomeka vizuri, ila uso na viganja vya mtu vimefifia, basi aliyesogea ni yeye. Na kama sikio liko kali, kila unywele peke yake, lakini jicho limelegea, fokasi, yaani pale lenzi ilipolenga pawe pakali, ilikwenda pasipostahili.

Ni magonjwa matatu na kila moja lina dawa yake. Kizuia mtikisiko ambacho watengenezaji hukisifia sana kinatibu lile la kwanza peke yake. Hakiwezi kumsimamisha mtoto anayekimbia. La tatu linatibiwa kwa kuweka fokasi kwenye jicho lililo karibu nawe, na kamera za siku hizi zinaweza kulitafuta jicho hilo zenyewe ukiziruhusu. La pili, ambalo ndilo ninaloliona mara nyingi zaidi, halina dawa ila kasi ya shata. Mtu aliyekaa akiongea ninampiga kwa 1/125 ya sekunde, wanaotembea au kucheza taratibu kwa 1/250, watoto wakikimbizana sishuki chini ya 1/500.

Sasa turudi ukumbini. Kutoka 1/15 hadi 1/250 ni hatua nne za mwanga, kila hatua ikiukata mwanga nusu, yaani mwanga unaoingia unapungua mara 16 hivi. Ili picha isiwe giza, ISO 400 inabidi iwe 6400. Hapa ndipo watu wanapoogopa.

Woga huo unatokana na kutojua chenga zinatoka wapi. Si namba ya ISO inayozizalisha; ni uchache wa mwanga wenyewe. Panga sahani uani wakati wa manyunyu: nyingine itapata matone matatu, jirani yake saba, bila sababu yoyote. Mvua kubwa ikinyesha, sahani zote hujaa karibu sawa. Vitundu vya kihisi cha kamera, kile kipande kinachopokea mwanga, navyo hupokea chembe za mwanga hivyohivyo. Kitundu kinachopaswa kupata chembe 100 kitayumba kwa takriban 10 juu au chini, na hiyo ni asilimia 10 nzima. Kinachopaswa kupata 10,000 kitayumba kwa takriban 100, asilimia 1 tu. Kwa hiyo anayepiga picha ya giza kwa ISO 400 kisha akaing'arisha kwenye kompyuta hajakwepa chochote. Chenga zinaibuka zilezile, na kwenye kamera nyingi za zamani zinaibuka mbaya zaidi, zikiwa na mistari na rangi zilizochafuka sehemu za kivuli. Afadhali ISO 6400 iliyopata mwanga sawasawa.

Halafu kuna suala la picha itatazamwa wapi. Kamera ya megapikseli 24 (nukta milioni 24) inatoa picha ya nukta 6000 kwa 4000. Kuchapa karatasi ya A4 kwa ubora wa nukta 300 kwa inchi kunahitaji megapikseli 9 hivi. Skrini ya 1920 kwa 1080 inaonyesha 2 tu. Picha ikipunguzwa kiasi hicho, nukta kadhaa zinaungana kuwa moja na chenga nyingi zinamezwa humo humo. Na zikibaki, programu za kuzisafisha zimekuwa nzuri mno. Tangu Adobe ilipoingiza Denoise ndani ya Lightroom mwaka 2023, nimefungua upya picha za zamani za RAW, yaani faili ghafi za kamera, nilizokuwa nimezikatia tamaa, na nyingine ziko ukutani sasa. Uso uliosogea wakati shata iko wazi haujapata tiba ya namna hiyo.

Mpangilio wangu wa kupiga ndani ya majengo ni rahisi. Naweka kamera kwenye M (hali ya kujipangia), nachagua mwenyewe kasi na tundu la lenzi, ISO naiacha ijipange yenyewe na kikomo cha juu naweka 6400, au 12,800 kwa kamera mpya. Macho yangu yanabaki kwa watu, siyo kwenye namba. Tahadhari moja: taa nyingi za LED hupepesa bila wewe kuona, mara 100 kwa sekunde penye umeme wa 50Hz. Ukitumia shata ya kielektroniki (isiyotumia pazia) hapo, picha inaweza kutoka na michirizi ya giza. Rudi kwenye shata ya kawaida na ujaribu 1/100. Mara nyingi michirizi inaondoka. Bila shaka milima, majengo na vyombo vilivyotulia mezani vina sheria nyingine. Huko funga kamera kwenye tripodi, shusha ISO mpaka 100 na uchukue muda wako.

Kuhusu pesa, msimamo wangu ni mkali: lenzi kwanza. Kihisi kikubwa cha milimita 36 kwa 24 kina eneo kama mara 2.3 ya kile kidogo kiitwacho APS-C kilicho kwenye kamera nyingi za bei nafuu. Faida yake ni zaidi kidogo ya hatua moja ya mwanga. Kutoka f/5.6 ya lenzi ya kawaida ya 18-55mm kwenda f/1.8 ni zaidi ya hatua tatu, mwanga zaidi ya mara tisa. Ukumbi uleule, kasi ileile ya 1/250, na ISO inashuka kutoka 6400 hadi karibu 640. Lenzi ndogo ya f/1.8 huwa na bei ya chini sana kuliko mwili mpya wa kamera, na wauzaji wengi hawatakwambia hivyo.

Wengi wataelekezwa kwenye lenzi ya 50mm (milimita zikiwa nyingi, lenzi huona eneo jembamba zaidi). Kwa mwenye kihisi cha APS-C mimi namshauri 35mm, kwa sababu 50mm huko inaona kwa wembamba wa 75mm au 80mm, na chumbani utarudi nyuma mpaka mgongo uguse ukuta. Ujue pia kwamba kwenye f/1.8, ukiwa karibu, sehemu iliyo kali ni sentimita chache: jicho litaingia, sikio litabaki nje. Kikundi kilichopanga safu mbili nakipiga kwa f/4 au f/5.6, na ISO naiacha ipande tena. Baada ya lenzi, nunua flashi inayogeuza kichwa, uielekeze kwenye dari jeupe badala ya usoni kwa watu.

Lenzi iliyotumika haina ubaya ikikaguliwa. Fungua tundu lake lote na umulike kwa tochi kutoka nyuma. Nyuzi nyembamba kama utando wa buibui ni fangasi, na hiyo irudishe kwa mwenyewe hata kama bei inavutia. Mwili wa kamera upime kwa kupiga ukuta mweupe kwenye f/16 ukiwa umelegeza fokasi. Madoa machache ya kijivu ni vumbi na yanasafishika. Doa lenye kingo kali au mstari usiofutika baada ya kusafisha ni mkwaruzo kwenye kihisi, na kukibadilisha kunaweza kukugharimu karibu sawa na kununua kamera nyingine.