Siku 14, na faili linaloweza kuitishwa

Hapa Kenya, hakimu akimaliza kusoma hukumu, humwambia mfungwa kwamba ana siku 14 za kukata rufaa. Basi, kesi nyingine inaitwa. Sijasikia hata mara moja mtu akielezwa kwamba huko juu kuna jaji anayeweza kuliitisha faili lile.

Mamlaka hayo yapo. Kifungu cha 165(6) cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinaipa Mahakama Kuu usimamizi wa mahakama zote za chini, za makadhi na za kijeshi zikiwemo. Kwa kesi za jinai, vifungu vya 362 hadi 364 vya Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai vinamruhusu jaji kukagua kama uamuzi ni halali na utaratibu ulifuatwa. Sheria ikisema kifungo kisizidi miaka mitatu na hakimu akatoa mitano, hapo hakuna mabishano marefu, faili linajisemea. Mara nyingi kinachoanzisha ukaguzi huo ni barua tu iliyotoka gerezani. Ni kweli, aliyeikalia haki yake ya rufaa hawezi kulazimisha ukaguzi, lakini jaji mwenyewe akiona kasoro hafungwi mikono. Wala aliyeachiliwa huru hawezi kugeuzwa kuwa na hatia kwa njia hii.

Mwenye wakili wa bei haandiki barua. Yeye hukimbilia Mahakama Kuu kuomba amri ya kuzuia kesi isiendelee, mojawapo ya zile tatu tulizorithi kwa Mwingereza pamoja na ya kufuta uamuzi na ya kulazimisha wajibu utekelezwe, kabla shahidi wa kwanza hajaapa. Majaji wengi humrudisha akajitetee kwa hakimu, lakini kesi ikishasimamishwa kwa muda tu, miezi hupita, mashahidi huhama, wengine hufa. (Ufisadi ndio unaopenda sana mlango huu, wala sihitaji kutaja jina.) Kwangu mimi, amri hiyo ingetolewa tu dhidi ya hakimu anayesikiliza kesi asiyo na mamlaka nayo kabisa, au aliyeonyesha wazi kuwa ana upande. Kusema ushahidi ni dhaifu si sababu. Udhaifu wa ushahidi hupimwa na hakimu huyo huyo.

Na lile tangazo la siku 14 liongezwe sentensi moja, kwa Kiswahili cha kawaida: ukiona sheria imevunjwa katika kesi yako, unaweza kumwandikia jaji, na askari jela atakupa karatasi.