Mkataba Kwanza, Chuo Baadaye

Juzi mtambo wa kupasha nyumba joto uliniharibikia hapa Hamburg. Wakaja wawili, fundi mtu mzima na kijana ambaye hata ndevu hazijamtoka. Aliyelala sakafuni akifungua bomba ni kijana. Fundi alisimama nyuma yake, anasema tu, "Kaza tena. Basi." Yule kijana aliniambia chuoni anakwenda siku mbili kwa wiki, zilizobaki yuko kazini, na mwisho wa mwezi analipwa. Nilifurahi, kisha nikaudhika hadi usingizi ukanipaa.

Kilichoniudhi ni mpwa wangu aliye kwetu Amu (Lamu), aliyesomea umeme. Wakati wa atachimenti, yaani mazoezi ya kazi anayotakiwa mwanachuo, alizunguka na barua ya chuo ofisi kwa ofisi, Amu na Mokowe, nauli ya boti anatoa mamake. Alipopata mahali, akawa wa kutumwa chai, kufagia na kupiga kopi. Waya hakuushika. Mwishowe daftari lake likagongwa mhuri kwamba amejifunza kazi. Nanyi mnaye wenu nyumbani.

Najua mtasema: "Ameonja Ulaya, sasa anatudharau." Wallahi sidharau mtu. Hata Ujerumani wapo vijana wanaokosa nafasi, na katika majimbo mengi watoto hugawanywa kishule wakiwa na miaka kama 10 tu, jambo nisilolipenda hata kidogo. Ninalolisema ni moja. Hapa, kwa sheria ya tangu 1969, kijana hutia saini mkataba na mwajiri, naye mwajiri ndiye mwenye jukumu la kumfundisha na kumlipa. Chuo huenda sambamba na kazi. Mtihani wa mwisho husimamiwa na chemba ya wafanyabiashara au ya mafundi. Kwetu kijana anamaliza darasa, halafu anabisha milango akiomba hisani.

Wala msiniambie haya ni ya Wazungu. Kijijini kwetu Matondoni ni nani aliyejifunza kuunda jahazi kwa barua yenye mhuri? Mtoto alikaa na fundi, akatia kalafati, kuziba nyufa za mbao, mpaka mkono ukazoea, ndipo akaachiwa ubao. Sisi ni watu wa kazi hiyo tangu zamani, na ndiyo maana inaniuma.

Gati la kwanza la bandari yetu ya Lamu lilifunguliwa Mei 2021, na mpango wote ni magati 23. Mafundi wa umeme na wa kreni watatoka wapi? Mtauliza nani alipe. Mwajiri Kenya tayari anatozwa shilingi 50 kwa kila mfanyakazi kila mwezi kwa ajili ya mafunzo ya kazi. Basi zimfikie anayemshika kijana mkono.

"Rudi wewe uanzishe," atasema mwingine. Ndugu yangu, mimi siajiri mtu bandarini. Anayeajiri ndiye atie saini, na atie na vijana wa Amu, Hindi, Faza na Pate kabla hajashusha mashine zake Kililana, penye bandari hiyo.