Kiingereza cha karakana: kuonyesha kwa mkono kuna mpaka

Bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima, Uganda, lina urefu wa kilomita 1,443 na linaishia Chongoleani, hapa Tanga. Kijana anayesomea uchomeleaji au umeme anajua kwamba miradi ya aina hii huja na fomu za usalama na wasimamizi wanaotumia Kiingereza. Wengi wa vijana hawa walisoma shule ya msingi kwa Kiswahili. Je, wafundishwe Kiingereza kwa vitendo, mwalimu akiwa na spana mkononi badala ya chaki?

Faida yake ni kubwa. Tangu miaka ya 1960 mwanasaikolojia wa Marekani, James Asher, alitetea njia inayokaribiana na hii: mwanafunzi husikia amri na kuitii kwa mwili kabla hajatakiwa kuzungumza. Kijana haoni haya kukaza nati, ila huona haya kukosea sentensi mbele ya wenzake. Naamini haya hiyo imefunga midomo mingi kuliko ugumu wa sarufi.

Lakini mwalimu anaposema huku anaonyesha, jicho hufanya kazi yote. Mwanafunzi huiga mkono, maneno yakapita. Tena kitendo hufuata wakati: unazima umeme, kisha unafungua kifuniko. Maandishi ya onyo hayafungwi na mpangilio huo. "Do not open the cover until the power is off" (usifungue kifuniko mpaka umeme uzimwe) inataja kufungua kwanza, kuzima mwisho. Aliyezoea kudaka neno moja moja karakanani anaweza kuanza kufungua. Makatazo na masharti hayaonyesheki kwa mkono, na ndiyo yanayomlinda fundi.

Kwa hiyo vitendo vibaki, ila kuonyesha kuondolewe hatua kwa hatua. Mwanzoni mwalimu aonyeshe. Baadaye aweke mikono nyuma, aseme tu, mwanafunzi atende. Kisha mwanafunzi mwenyewe amwelekeze mwenzake, na hatimaye asome karatasi ya maelekezo bila kuonyeshwa na mtu. Hili linataka mwalimu wa lugha na mkufunzi wa fani waingie karakana pamoja, na gharama yake si ndogo: kipindi kimoja kinakula muda wa watu wawili, na fimbo za kuchomelea nazo zinaisha. Chuo kisichomudu kila wiki kianze na umeme, gesi na kazi za kupanda juu.