Mto Ngerengere: mita 60 zinafaa wapi?

Mto Ngerengere huanzia miteremko ya magharibi ya Milima ya Uluguru, ilhali uelekeo wake ni mashariki, hivyo hulazimika kuuzunguka mlima. Maji ya mito ya Mlali na Mzinga hukusanyika Bwawa la Mindu, kisha mto hushika kaskazini-mashariki kupitia Kihonda, hupokea Mto Morogoro, na kupita Kingolwira na mji wa Ngerengere hadi kumwaga kwenye Mto Ruvu, kabla Ruvu haijafika mtambo wa maji wa Mlandizi unaoihudumia Dar es Salaam. Upande wa magharibi wa mlima hupata mvua kidogo kuliko ule wa mashariki, kwa hiyo tope na taka hukuta maji machache ya kuzibeba.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, kifungu cha 57, inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 za ukingo wa mto au bwawa. Wanaoitetea wana hoja nzito: Mindu inajaa mchanga, na nafasi inayochukuliwa na mchanga ndiyo ingehifadhi maji ya kiangazi ya Morogoro.

Lakini tupime. Ekari moja yenye umbo la mraba ina upande wa takribani mita 64. Anayepakana na mto anabakiwa na kipande cha mita 4. Isitoshe, ukanda wa majani unaoachwa kando ya mto huchuja maji yanayotambaa kwa upana. Yakishuka kwa korongo au njia ya miguu, yanaukata na kupita na udongo wote.

Mlimani ningetanguliza makinga maji ya fanya juu: pima kontua (mstari wa usawa mmoja mlimani) kwa fremu A, yaani kipimo cha miti kilichoundwa kama herufi A, chimba mtaro, rusha udongo upande wa juu, panda majani ya tembo kwenye tuta. Mstari ukikosea, maji hujaa penye bonde, hubomoa tuta na kuzaa korongo jipya. Ngazi pana, yaani mteremko uliochongwa kuwa matuta bapa, nazo zina hatari yake: zile za lazima za miaka ya 1950 zilifukua udongo usio na rutuba, na mwaka 1955 Waluguru wakazikataa kwa ghasia. Kibungo Juu, mashariki ya milima hiyohiyo, wakulima walilipwa kwa kuhifadhi ardhi, na DAWASCO, shirika la maji la Dar es Salaam wakati huo, ilikuwa miongoni mwa walipaji. Ulipaji huo ungefaa Mlali pia.

Kandokando ya Mindu, kwenye tambarare, mita 60 zilindwe bila kulegeza. Chini ya Kihonda tatizo ni majitaka ya mji na viwanda, na hayo hayazuiliwi na majani. Huko ukaguzi uanzie kwenye mabomba.